Nilimrekodi Mama, Ikatoka Sauti ya Baba

Mama yangu alifungua mdomo kwenye skrini, ikatoka sauti ya baba.

Sitanii. Midomo ya mama, sauti ya baba. Na aliyesababisha yote hayo ni mimi, ambaye ukoo mzima unaniita Injinia.

Jina hilo nililipata siku niliyoifufua printa ya shangazi. Ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme. Niliichomeka, nikanyamaza, nikapokea sifa.

Sasa sikieni.

Mama ni fundi saa. Ana kibanda chenye kioo, taa ya kuinama na kile kilenzi cha kubana jichoni, na amekaa pale miaka thelathini na tatu. Wanawake mafundi saa si wengi, ndiyo maana kituo kimoja cha TV kikamwalika kwenye kipindi cha asubuhi. Moja kwa moja, dakika ishirini, hakirudiwi na nakala hawatoi.

Akaniita jikoni.

"Mwanangu, mimi nitakuwa kule studio, sitajiona. Naomba unirekodie, nije nijione hata mara moja."

"Mama, hilo ni dogo," nikasema.

Baba alikuwa pale pale mezani. Baba ni dereva wa lori mstaafu, mtu wa "ehe" na "sawa". Sijawahi kumsikia akimsifu mama. Mama akifufua saa iliyowashinda mafundi wengine, huja nayo nyumbani kumwonyesha, kisha hungoja kidogo. Neno haliji. Inaniuma mpaka leo kumkumbuka anavyoirudisha ile saa mkobani.

Hata siku ile mama alipoleta habari ya kualikwa TV, baba alisema "Sawa", akaomba chumvi.

Nikaenda dukani kutafuta tyuna, kile kidude cha nje unachochomeka kwenye laptop ili inase TV na kuirekodi. Muuzaji, dada mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza, "Kaka, kwenu mnapata TV kwa antena au kwa king'amuzi?"

"Nataka nzuri."

"Sawa, lakini nzuri ya nini?"

Nikaona ananipima. Nikachagua mwenyewe, ile yenye antena ndefu kuliko zote. Niliichagua kama mtu anayechagua mbuzi kwa pembe.

Nyumbani ikaanza kutafuta chaneli. Ikatafuta, ikatafuta.

"Injinia, imepata ngapi?" akauliza mdogo wangu wa kike.

"Bado inatafuta."

"Ilianza nikiwa nafua. Sasa nguo zimekauka."

Sifuri. Kumbe ilikuwa ya matangazo ya analojia, yale yaliyozimwa kitambo. Nikarudi dukani nimenywea.

Yule dada hakunicheka, na hilo ndilo liliniuma. Akasema, "Kama mna king'amuzi, chukua hii ya nyaya. King'amuzi kinatafuta chaneli, hii inapokea tu. Ila zile nyaya tatu, hakikisha..."

"Nyaya nazijua," nikamkata.

Zilikuwa tatu kweli: ya njano, nyekundu na nyeupe. Nikachomeka ya njano, picha ikaja safi kabisa. Nikaamua nyekundu na nyeupe ni za akiba. Nikazikunja vizuri, nikazifunga kwa mpira, nikazitia kwenye droo, mdogo wangu akitazama.

Nikajaribu kurekodi dakika mbili huku TV imewashwa. Picha ipo. Sauti ipo, ya mbali kidogo. Nikajipongeza.

Siku ya kipindi sebule ilijaa. Shangazi, mdogo wangu na majirani walijibana mbele, karibu na TV. Laptop niliiweka nyuma kwenye stuli, kando ya kiti cha baba. Mimi nilikodolea macho kitone chekundu cha kurekodi. Baba alikuwa ananong'ona kifuani mwake, nikadhani ni usingizi.

Mama alirudi na poda ya studio bado usoni. Hakuvua hata viatu. Akaketi, nikabonyeza.

Mtangazaji akauliza swali, sauti yake ikisikika kama mtu aliyejifungia chooni. Mama akafungua mdomo.

"Usiogope, uko vizuri," ikasema sauti ya baba, karibu kabisa.

Mdogo wangu akanigeukia taratibu.

"Injinia. Zile nyaya za akiba."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ya njano ni picha, nyekundu na nyeupe ndizo sauti. Laptop ilipokosa sauti ya TV ikatumia maiki yake yenyewe, na maiki ilikuwa imekaa jirani na mdomo wa baba. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikanyoosha mkono nizime.

Mama akaushika. "Acha."

"Hakuna fundi kama huyu," sauti ya baba iliendelea. "Na sijawahi kumwambia."

Mtangazaji akamuuliza mama kuhusu mteja wake wa kwanza. Mama wa kwenye skrini akacheka. Kwa mbali tukamsikia akisema alikuwa dereva mmoja wa lori, saa yake ikisimama kila wiki, mpaka akaishia kumuoa.

Na kwa karibu, baba: "Haikuwa inasimama. Nilikuwa naisimamisha mwenyewe. Ningepata wapi sababu ya kuja kukaa mbele yako?"

Baba akaanza kutafuta viatu vyake aondoke. Alikuwa amevivaa.

"Rudisha nyuma," mama akaniambia. Nikarudisha. Akasikiliza mara tatu, poda ikimchirizika mashavuni, kisha akamgeukia baba.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mara ya pili tu nilikuta kipande cha njiti ya kiberiti ndani ya magurudumu. Fundi gani asiyeijua saa iliyosimamishwa?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Baba akahama kiti chake, akaenda kuketi karibu naye.

Hadi leo mama hajayasikia vizuri majibu yake ya kwenye kile kipindi, na hajalalamika. Rekodi yenyewe amenikataza kuigusa.

Funzo? Ukienda kununua tyuna, jua kwanza kwenu mnapata TV kwa njia gani, na mwache muuzaji amalize sentensi yake. Na kama una neno zuri la kumwambia mtu wako, mwambie usoni. Usisubiri mwanao asahau nyaya mbili kwenye droo.