Suruali ya Shefu Venansi

Zuberi, fundi cherehani, alirudi Burundi na mkewe Nadia baada ya miaka kumi na mitano ya kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko kwao Butihinda alikuta shamba la marehemu baba yake, juu kilimani, linalimwa na baba yake mdogo Radjabu, ambaye hakukimbia vita. Wakapatanishwa: Radjabu abaki juu, Zuberi apewe kiwanja bondeni. Wakati wa kiangazi kilikuwa kiwanja kizuri sana.

Mvua za Aprili zikaibeba nyumba. Zuberi aliacha cherehani kwa Radjabu, akaenda na Nadia hadi Gitega, kwa dada yake Nadia mtaani Yoba. Huko karani wa misaada alipekua karatasi za Zuberi.

"Jina yako iko tayari kwa liste ya warudi. Hii ni ya watu wa mafuriko. Mtu hawezi kuwa kwa liste mbili."

"Bwana, maji hayakuniuliza nimo katika orodha gani."

Karani alifikiri, kisha akataka karatasi ya kuthibitisha kwamba nyumba ilikuwepo. Zuberi akarudi Butihinda. Alimkuta Venansi, shefu wa kilima, yaani mkuu wa eneo lile, amevaa suti, yuko njiani kwenda harusini.

"Mi siwezi kusaini nyumba sijaona."

"Maji yameichukua, shefu."

"Basi nionyeshe fasi ilikuwa."

Hatua ya tano bondeni, shefu alizama hadi kiunoni. Zuberi na Radjabu, aliyeshuka mbio kutoka shambani, walimvuta kwa kamba ya mbuzi. Shefu alitoka mzima. Suruali ilichanika hadi gotini.

Kwa Radjabu alifungwa kitenge, akakaa kumngoja Zuberi ashone.

"Nani alikupa kiwanja fasi kama ile?" aliuliza.

Zuberi alizidi kukanyaga cherehani. Radjabu akatazama dari. "Ni mimi, shefu. Na we ulisaini."

Uzi ulikatika mara tatu. Kwa mbali ngoma za harusi zilianza. Suruali ilipokamilika, Radjabu alikuwa amekubali kutoa kipande cha shamba kando ya migomba yake, na shefu, bado na kitenge, alikuwa amekiandika na kugonga muhuri, pamoja na karatasi ya nyumba iliyobebwa.

Gitega, karani alisema liste ilifungwa Ijumaa. Zuberi alimchukua Nadia, wakaenda kujenga kilimani.

Asubuhi moja Nadia aliona kule bondeni watu waliotoka Tanzania juzi, wakivuta kamba kupima kiwanja kilekile. Akavaa ndala, akashuka kuwaambia.