Mikate Iliyoshikana

Jumamosi, Novemba 1954. Mvua tangu alfajiri. Kuni zilitoa moshi kuliko moto.

Leo watu wa mchumba wa wifi yangu walikuja kuchukua jibu la posa. Nyumba zao ni tisa, na kila nyumba iondoke na kifurushi cha mikate, vyote sawa. Shangazi wa mchumba ana tabia ya kufungua na kuhesabu mbele za watu. Kwa jirani yetu ulipungua mkate mmoja, wakaondoka na posa yao.

Mama mkwe alioka mikate midogo kwenye sufuria, makaa chini na juu ya mfuniko. Akaniita: "Sabini na nane! Wewe uliyefika darasa la tatu, gawanya."

Nikaandika kwa mkaa ukutani. Nane kila nyumba, inabaki sita. Nikarudia, maana hesabu zangu siziamini. Nikafunga kwa majani ya mgomba.

"Hiyo sita mwongeze shangazi yao," wifi alininong'oneza.

"Na wengine wakijua?"

"Msomi wee! Kwa haki yako hiyo nitazeekea hapa."

Nikanyanyua vifurushi viwili, kimoja kila mkono. Kimoja kilikuwa kizito. Nikakifungua: mikate miwili ilishikana, mama kaihesabu mmoja.

"Mama, hii ni miwili."

"Mmoja huo. Punje mbili za kahawa zikiwa ndani ya ganda moja, nani huzihesabu mbili?"

Nikataka kuitenganisha, akanidaka mkono. "Siku ya posa? Havunji mtu mmoja! Huvunja wawili, wakala pamoja, kama wanaogawana punje za ganda moja kufunga undugu."

"Hodi!" Wageni walikuwa tayari kwenye migomba.

Nikafungua vifurushi vyote, wifi kashika kamba kwa meno. Mikate pacha ilikuwa minne. Nikaitoa, mahali pake nikatia minne kutoka kwenye ile sita. Tukafunga upya.

Shangazi alipokea shikamoo zetu, akafungua chake. Nane. Akavuta cha mwenzake, akakipima mkononi, akakifungua nacho. Nane.

"Haya," akamwambia mama mkwe, "sasa tupeni jibu."

Wakapewa. Mpaka sasa sijui kama ni hesabu au ni bahati. Na mama naye hakukosea, kwa hesabu yake.

Jioni tulikula ndizi kwa maharage, na mikate iliyobaki. Mkate pacha mmoja mama alitupatia mimi na wifi. Tukaushika huku na huku, tukavuta.