Tulikuwa Tukijibu Amina

Bilha aliolewa Kamukuywa mwaka wa themanini, akitoka shamba la wazazi wake nje kidogo ya Kitale, ambako familia kadhaa za Wagikuyu zilikuwa zimenunua ardhi kwa pamoja. Mumewe, Nyongesa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Bilha alifika bila neno hata moja la Kibukusu. Mama mkwe alimfundisha wakichambua mboga: kwanza jina la kila jani, halafu jina la kila jirani, mwishowe matusi ya kufukuzia kuku. Baada ya miaka mitano watu walibishana naye sokoni bei ya mahindi bila kukumbuka kwamba alitoka kwingine.

Kigikuyu alikibakisha cha kuogeshea watoto. Roselyne, kifungua mimba wake, anakumbuka beseni, maji ya uvuguvugu, na sauti ya mama iliyokuwa laini kuliko ile ya mchana. Maneno yenyewe hayakumbuki.

Mwaka wa tisini na mbili, nyumba zilipochomwa kwa sababu ya makabila ya wenyewe, wazazi wa Bilha walikimbilia mjini na magodoro mawili. Mdogo wake, Gachanja, alikuja Kamukuywa kumchukua. Bilha alikataa kumwacha mumewe, na Gachanja akaondoka bila kunywa chai. Jioni hiyo Bilha aliwaketisha watoto jikoni. Roselyne alikuwa na miaka minane, Wanyonyi sita.

"Maneno ya beseni yameisha," aliwaambia. "Mtu akiuliza mama yenu huongea nini, semeni Kibukusu. Na mimi nikijisahau, msinijibu."

Walimtii. Akijikwaa na kusema kitu, waliangalia kando. Polepole hata maumivu yake yakajifunza Kibukusu.

Mwezi wa sita mwaka huu, miaka miwili baada ya kumzika Nyongesa, Bilha alianguka akianua nguo. Kiharusi kililegeza upande wake wa kulia. Hospitalini walisema kauli itarudi, ila huenda isirudi na kila kitu. Ilirudi na Kigikuyu peke yake. Kibukusu na Kiswahili alivisikia kama mtu anavyosikia mvua.

Kwa Wabukusu, mzee anayekaribia kuondoka huacha maneno. Watoto huketi, hunyamaza, na maneno hayo hutunzwa. Kwa hiyo Bilha alipoanza kurudia jambo moja kila jioni, akipiga godoro kwa mkono wa kushoto, Wanyonyi hakuwa na shaka.

"Anatubariki," alisema. "Mama anaaga."

"Na kama kuna kitu anataka?" Roselyne aliuliza.

"Uji si amekunywa? Maji si amepewa? Haya ni maneno makubwa, dada. Huoni vile analia akisema?"

Roselyne alitaja mwanamke Mgikuyu anayeuza viatu sokoni. Labda aitwe asikilize.

"Ati tupeleke siri ya mama kwa soko? Si alikataza mwenyewe?"

Na kwa sababu Wanyonyi aliamini kwamba mtu habariki akiwa amelala, kila jioni walimwinua Bilha, wakamketisha wima kwa mito mitatu. Wanyonyi aliweka simu karibu na mdomo wake irekodi. Bilha alisema yale maneno, akapiga godoro, akalia. Alipopumua, wote wakajibu, "Amina." Walifanya hivyo wiki tatu, kwa upendo.

Jioni moja Bilha aliketishwa na hakusema lolote. Alimtazama tu Roselyne. Asubuhi yake Roselyne alisema anaenda kutafuta mbegu ya vitunguu, akapanda gari la Kitale akiwa na ile sauti kwenye simu yake.

Alimpata Gachanja huko Kibomet, katika duka la dawa za mifugo, akimpimia mtu dawa ya kupe. Alikuwa na paji la uso la mama.

"Anko, mimi ni Roselyne. Wa Bilha."

Gachanja alimaliza kupima. Alifunga chupa. "Miaka thelathini na kitu," alisema. "Nilidhani huko Kamukuywa mlizika jina langu na mkakula nyama."

"Mama ni mgonjwa. Kuna maneno ametuachia. Hatuyasikii."

Aliweka simu mezani. Sauti ya Bilha ilijaza duka, na nyuma yake zile Amina. Gachanja alisikiliza akiwa ameinama. Iliporudia, alinyoosha mkono akaizima.

"Na nyinyi mmekuwa mkifanya nini akisema hivi?"

"Tulikuwa tukijibu Amina."

Gachanja alivua kofia. "Anasema, nilazeni. Nyonga yangu imevunjika. Nilazeni hapa, kwa Mungu, nilazeni."

Roselyne alipiga simu nyumbani palepale. Wanyonyi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha simu ikabaki wazi, bila mtu. Alisikia mito ikianguka sakafuni.

Picha ilionyesha mfupa wa nyonga ya kushoto umepasuka tangu siku ile ya nguo. Daktari alisema kama angeletwa mapema, angejaribu. Sasa moyo wake hauwezi upasuaji. Walimrudisha nyumbani, wakamlaza, na hakuna aliyemwinua tena. Aliishi siku kumi. Siku ya mazishi Wanyonyi alipoulizwa mama aliacha maneno gani, alisema hakuacha.

Siku hizo kumi zote Gachanja alikuwa amekaa kando ya kitanda. Ndugu hao wawili waliongea mpaka chai ikapoa, na watoto wa Bilha wakapita na masufuria kama watu waliopanga chumba katika nyumba ya wengine. Alasiri ya siku ya nane Roselyne aliingia na trei akamkuta mama anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, mabega yakitikisika, na Gachanja alikuwa akijifuta macho.

"Amesema nini, anko?"

"Ni mambo ya utotoni. Kuna mbuzi, na kuna karani wa kanisa. Nikisema kwa Kiswahili haichekeshi."

"Sema tu."

Alimweleza yote, tangu mbuzi alivyoingia mpaka karani alivyotoka. Kweli haikuchekesha. Roselyne alicheka hata hivyo, kwa kuchelewa, na Bilha akageuza macho akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni mwema aliyeleta chai.