Pombe ya Msiba wa Masalu

Paskazia, ambaye kijiji kizima cha Segese kilimwita Mama Masalu, alikuwa mpika pombe ya mtama. Wakati wa kiangazi aliifukia mitungi nusu ardhini, akaifunika kwa magunia aliyoyamwagia maji kutwa, maana pombe ikipata joto kali huchachuka na kuwa kama siki.

Mchana mmoja alikuwa akimwagia maji magunia hayo, jirani yake Aneth akaja mbio.

"Mama Masalu, duara limetitia! Mwanao yumo ndani."

Alitupa ndoo akakimbilia machimboni, kwenye shimo hilo la dhahabu. Wachimbaji walifukua usiku kucha kwa majembe na mikono. Walimtoa Masalu alfajiri, amekwisha kufa.

Baada ya maziko, wachimbaji waliinywa pombe ile pale msibani. Walisema haijawahi kuwa tamu vile. Paskazia alishangaa, kwani tangu siku ile hakuigusa mitungi.

"Nani aliyeyamwagia maji magunia?"

"Mimi," Aneth alijibu. "Sikujua nikusaidie nini kingine."

Paskazia alimshika mkono, lakini pombe hakuionja. Mitungi yote alimwachia Aneth, yeye akaanza kuuza viazi sokoni. Jioni, wachimbaji wakipita kwenda kunywa kwa Aneth huku wakicheka, yeye huingia ndani akafunga mlango.