Nusu ya Chini ya Kioo

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinifikia zaidi ya mwezi mmoja baada ya mazishi. Nilikuwa Mbamba Bay, nimebadilisha laini ya simu kwa mara nyingine, na aliyenipata alipitia kwa mtu anayemjua mtu. Akaniambia, "Mtani wako ametangulia. Arobaini ni Ijumaa ijayo, nyumbani kwake Nambilanje." Nikajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba amekufa, na kwamba kazi yangu sijaifanya.

Koo zetu ni za watani. Kwetu mtu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, humkejeli mbele ya wafiwa mpaka wacheke katikati ya kilio. Asiyefanyiwa hivyo, wazee husema, amezikwa kama mgeni. Tulikuwa kidato cha tatu tulipopeana ahadi: atakayetangulia, mwenzake atamwigiza akiendesha gari. Kati yetu hakuna aliyewahi kushika usukani. Gari letu lilikuwa ndani ya televisheni.

Kibanda tulichochezea gemu kilikuwa nyuma ya soko la Nachingwea, cha mabati, jenereta linanguruma nje, khanga imetundikwa dirishani ili mwanga usiharibu picha. Mashine ilikuwa ya kaseti. Kaseti ikigoma ilichomolewa, ikapulizwa kama jiko la kuni lenye moto wa uvivu, ikarudishwa. Barabara ilikuwa mistari ya kijivu inayokimbilia kwako, na mbele yake mlima wa bluu ambao haukukaribia hata ukimbie vipi. Kioo kiligawanywa sehemu mbili. Nusu ya juu ilikuwa yangu, nusu ya chini yake. Tulikaa bega kwa bega, kila mtu na pedi yake, kila siku baada ya shule. Mlangoni alikaa dada wa mwenye kibanda, akiuza bagia. Huyo ndiye ambaye rafiki yangu alikuja kumwoa.

Nilimshinda karibu kila siku.

"Mtani, unaendesha kama umebeba mayai ya mama mkwe!" nilimwambia.

"Naogopa kugonga mbuzi."

"Humu hamna mbuzi."

"Yupo mmoja, yuko mbele yangu."

Mimi nililala na kila kona. Nilipinda mgongo, nikanyanyua kiwiko, nikamsukuma na bega, nikanguruma kwa mdomo kuliko jenereta. Yeye aligonga nguzo zilezile kila siku.

Baadaye zikaja mashine za diski, magari yana vivuli, mvua inadondoka kwenye kioo, dereva ana uso. Nimezicheza Songea, Makambako, Tanga, kila mji niliokaa miezi mitatu nikauchoka. Ni nzuri, lakini ukigonga, bodi linabonyea na linabaki limebonyea mpaka mwisho wa mbio. Ile ya zamani gari lilibiringika, likawaka moto, kisha likarudi katikati ya barabara likiwa zima, kana kwamba hakuna lililotokea. Nadhani ndiyo maana watu wa umri wangu tunairudia. Vijana hunicheka: "Mzee, hiyo gemu gani, gari kama kiberiti!" Siku hizi inapatikana kwenye simu, imewekwa yote kama ilivyokuwa, mlima wa bluu na kila kitu.

Aliyenitumia mimi ni marehemu mwenyewe. Alinitumia na sauti yake: "Mtani, nimeipata. Wewe shika simu yako, mimi yangu, tukae kama zamani. Njoo nikushinde." Nikamjibu nitakuja baada ya msimu wa korosho. Ikapita misimu miwili. Hakunikumbusha. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua na hilo nalo hakunieleza.

Ijumaa hiyo nilifika Nambilanje nyuma ya bodaboda kutoka Ruangwa, vumbi mpaka kwenye kope. Dua ilikuwa imekwisha, watu wanakula. Shangazi yake mmoja akaniona.

"Haya, mwoneni! Mtani, umekuja kufanya kazi au umefuata pilau?"

"Nimefuata vyote, shangazi."

"Siku ya mazishi tuliazima mtani wa jirani. Akaigiza kikohozi tu. Mwenzio alikuwa hakohoi hata!"

Watu walicheka, nami nikacheka. Mama yake akatoka ndani na shati la drafti, kola imechakaa. "Mke wake alilificha," akasema. "Siku ile mtani wa jirani alilitaka avae. Yeye akakataa, akasema mtani mwenyewe yupo, atakuja."

Mjane alikuwa kwenye eda, ndani, nyuma ya pazia la mlango. Nikamsalimia bila kumwona.

Nikavaa shati. Nikakaa kwenye mkeka, nikashika kandambili kama pedi, nikaanza. Nikanguruma. Nikalala na kona ya kulia, nikanyanyua kiwiko, nikalala na ya kushoto, nikamsukuma bega mtu ambaye hakuwepo. Watoto walicheka. Wakubwa walinitazama tu. Shangazi aliacha kutafuna.

Sauti ya mjane ikatoka nyuma ya pazia, pole pole. "Shemeji. Huyo ni wewe."

Nikashusha kandambili.

"Huyo ni wewe kabisa. Yeye hakuwa hivyo."

"Alikuwaje?"

"Hujui?"

Nilijaribu kumwona. Miaka miwili nimekaa naye bega kwa bega, nimelijua joto la mkono wake, nimejua ni nguzo ipi atagonga. Uso wake akiendesha sikuwa nao. Macho yangu yalikuwa kwenye nusu ya juu ya kioo.

"Mimi niliwaona kutoka mlangoni," akasema mjane. "Yeye alikaa kimya. Ulimi umetoka kidogo, hivi, pembeni. Ikifika kona anageuka kukutazama wewe unavyohangaika. Anacheka kimoyomoyo. Halafu anagonga."

"Kila kona?"

"Kila kona, shemeji."

Mama yake aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nikalivua shati, nikalikunja, nikampa shangazi. Hakulipokea.

"Kaa nalo," akasema. "Kazi hujaimaliza. Mwakani kuna hitima. Uje umjue."

Asubuhi yake nilikaa kwenye benchi la stendi ya Ruangwa, begi miguuni, shati ndani ya begi, nikingoja gari la Nachingwea. Nikawasha simu. Mlima wa bluu ukatokea. Nikakaa wima, nikafunga mdomo, nikatoa ulimi kidogo pembeni. Ilipofika kona ya kwanza nikageuza shingo, na gari likagonga nguzo, likawaka, likarudi barabarani zima. Kona ya pili nikageuka tena.

Mwanamke aliyekaa kando yangu akasogeza kikapu chake.

"Kaka, mbona unanitazama?"

"Nisamehe, dada," nikamwambia. "Najifunza."

Nikaanza upya.