Kikapu cha Maman Psi

Wanawake wanaokwenda kwake kule mtaa wa Kasha kutua mizigo ya moyo humwita Maman Psi, yaani mama mshauri wa nafsi, na hakuna aliyewahi kumwona akishika kalamu mtu anaposema. Huweka kikapu cha maharagwe mabichi katikati na sufuria kando, akakaa ubavuni pa mgeni wala si mbele yake, wakamenya pamoja, maana macho yakiwa kwenye maganda aibu hupungua. Haulizi kitu. Kukiwa kimya sana husema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "Polepole, maman, miye niko," akachukua ganda lingine. Asubuhi hiyo Apolline, aliyekimbia vita kutoka Minova, alisimulia hatimaye jinsi mkono wa binti yake ulivyomponyoka barabarani, watu wakisukumana. Maman Psi hakuinua kichwa. Lakini Apolline aliona maganda yakiingia sufuriani na maharagwe yenyewe yakitupwa chini, na yule mama hana habari. Akamshika mkono.

"Maman, na wako alikuwa anaitwa nani?"

Vidole vikatulia.

"Aimée," akasema, kisha wakainama wote wawili kuokota maharagwe sakafuni.