Kadi Iliyonusurika Laminesheni

Shemeji yangu alinunua dawati Westville, kwa mhadhiri Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao, na ndani ya droo tukakuta boksi la viatu limejaa kadi za besiboli. Shemeji ni Mkongomani, fundi wa simu jirani na soko la Warwick Junction. Alimwoa dada yangu. Mimi ni Mtanzania, nampokelea wateja. Kriketi tumeizoea hapa Durban. Besiboli hatukuijua hata kidogo.

Kadi zilikuwa za karatasi ngumu: mbele picha ya mchezaji, nyuma jedwali la kazi yake, mstari mmoja kwa kila mwaka. Shemeji hakujali sura. Alizigeuza nyuma, akaanza kuzichambua kama ofisa wa uhamiaji.

"Huyu iko mkubwa," alisema, akinionyesha jedwali lililojaa hadi chini. "Ona miaka yote hii! Huyu iko na papier za kweli."

"Na huyu?" Nilimpa kijana mwenye mstari mmoja tu.

"Aa, huyu iko mgeni. Kama wewe, shemeji. Hata Warwick angepotea."

Aliyewahi kupanga foleni ya karatasi za ukimbizi atamwelewa. Karatasi yenye mihuri mingi ndiyo yenye nguvu, na karatasi yenye nguvu hupigwa laminesheni, ikavikwa plastiki, kabla mvua haijaifikia. Basi wakongwe wote wakapitishwa kwenye mashine na kubandikwa ukutani, juu ya kaunta. Wageni wa mstari mmoja wakabaki kwenye boksi. Shemeji akawa anaandika majina ya wateja migongoni mwao na kuwafunga kwenye simu kwa mpira.

Siku moja akaja mzee kutoka Pinetown, kioo cha simu yake kimepasuka. Aliinua macho ukutani, akashika kichwa.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, papa," shemeji alijibu kwa fahari. "Maji haiwezi kuingia."

"Umewazika wazima wazima! Kadi iliyopigwa plastiki hainunuliki tena."

Alikuwa fundi wa redio mstaafu. Aliishi Amerika ujanani na akarudi na ugonjwa wa kukusanya kadi. Shemeji akibadilisha kioo, mimi nikamuuliza swali moja baada ya jingine, naye akajibu kwa Kiingereza, akizidi kuchangamka.

Zamani, alisema, kadi zilitoka ndani ya pakiti za chingamu. Watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele, na mama zao wakazitupa. Wachache waliozikusanya walitaka seti itimie tu; kadi ya nyota ya mwaka huu na ya mwaka ule zilikuwa sawa. Kisha watoto wale wakakua, wakapata kazi, wakaanza kutafuta utoto wao. Yakaja maonyesho ya kadi, vikaja vitabu vya bei, na swali likawa moja: ipi ilitangulia? Kadi ya kwanza ya mchezaji, wanayoiita ruki, ilichapishwa wakati hakuna aliyemjua, kwa hiyo hakuna aliyeitunza. Kila mtu sasa alitaka kuwa ndiye aliyemwona kabla ya dunia. Kampuni ziliposhtuka, zikachapisha vijana wapya kwa malundo, watu wakawahifadhi kwa malundo, na kadi nyingi za miaka ile leo hazina bei.

"Lakini yule," alisema, akimnyooshea kidole mkongwe mmoja mwenye ndevu pale ukutani, "ruki yake ni ya kabla ya malundo. Mnayo?"

Shemeji aligeuka kulitazama boksi.

"Nina hadubini ya kutengenezea bodi za simu. Imelala gereji, mikono yangu inatetemeka siku hizi. Nileteeni ruki safi, isiyoandikwa wala kukunjika, muichukue hadubini."

Shemeji aliweka bisibisi chini. Bila hadubini alibadilisha vioo na betri tu. Bodi zikifa aliwapelekea mafundi wengine, nao wakapata sifa. Tangu nifike alikuwa akiota chombo hicho.

Mzee alipoondoka tulimwaga boksi lote. Kadi baada ya kadi ilikuwa na wino: "Mama wa saluni." "Chaji haiingii." "Kijana mrefu." Chini kabisa, amenasa kwenye mkunjo wa boksi, tukamkuta: kijana asiye na ndevu, jina lile lile, mstari mmoja, mgongo mweupe. Shemeji alicheza kutoka kaunta hadi mlangoni na kurudi.

Jumamosi asubuhi nilifika dukani nikanusa plastiki ya moto. Mashine ilikuwa imewaka. Kadi ilikuwa tayari ndani ya plastiki yake, ncha ikielekea mdomoni mwa mashine.

"Shemeji, acha!"

"Nini sasa? Mvua iko inakuja! Kitu ya maana namna hii, nitaibeba uchi?"

Niliipokonya. Aliutazama ukuta wake, kisha tukacheka mpaka wasusi wa saluni ya jirani wakaja kuchungulia. Tuliilaza kadi katika kiboksi cha kioo cha simu, kati ya sponji mbili. Ndani ya taxi hadi Pinetown aliikumbatia kifuani.

Gerejini, mzee aliwasha hadubini ile na kuiweka kadi chini yake. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasita.

"Hapa pamelegea kidogo."

Shemeji alinifinya mkono. Mzee akaigeuza. "Hakuna aliyeandika?"

"Hapana, papa! Zamu yake ilikuwa bado!"

Mzee akacheka hadi akajifuta macho. "Bebeni hadubini yenu kabla sijaghairi."

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, bodi iliyokufa haikupelekwa kwa fundi mwingine. Mkongwe mwenye ndevu yuko bado ukutani. Nilipotaka kumtoa, shemeji alikataa katakata.

"Huyu anabaki. Miaka yote ile alitumika, ndiyo kile kikadi chake cha ujana kikapata bei." Akainama kwenye lenzi, akapuliza moshi wa risasi ya kulehemu. "Shemeji, kuja! Kuja haraka, simu inawaka!"